Tumtafutie Mtoto Usingizi: Hotuba kwa Wazazi Kuhusu Pumu ya Ngozi

Maneno haya niliyasema mbele ya wazazi wa shule moja ya msingi mkoani Kilimanjaro, msimu huu wa baridi. Wengi waliokosa siku ile wameniomba, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mwalimu mkuu, walimu, wajumbe wa kamati ya shule, wazazi wenzangu, na ninyi bibi na babu mnaolea wajukuu, shikamooni. Wa rika langu, habari za asubuhi. Na ninyi watoto mliokaa kwenye nyasi pale mbele, hamjambo?

Naomba nianze kwa kuuliza, nanyi mnijibu kwa mikono. Ni nani hapa ana mtoto anayejikuna usiku mpaka shuka inapata damu? Nyosheni, msione haya. Asanteni. Sasa geukeni mtazamane. Mmeona mlivyo wengi? Kila mmoja wenu alidhani yuko peke yake. Haya, ni nani kati yenu amelala usiku mzima wiki hii, bila kuamshwa na sauti ya kucha?

Mikono imeshuka.

Wazazi wangu, mimi ni tabibu wa ngozi. Nilisomea hapa hapa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992, kituo ambacho wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi za Afrika. Mzazi akiingia chumbani kwangu huwa ananiambia, "Daktari, nipe dawa ya kumaliza kabisa." Namwelewa. Ameshatumia pesa, ameshazunguka. Lakini ninyi mmekuja kusikia ukweli. Dawa ya kuimaliza pumu ya ngozi kwa mkupuo mmoja haipo. Haipo Moshi, haipo Nairobi, haipo India. Anayekuuzia chupa akikuapia kwamba itaisha moja kwa moja, anakuuzia matumaini yako mwenyewe.

Lakini mtoto kulala usiku mzima, hilo lipo. Mtoto kukaa darasani akisikiliza hesabu badala ya kupigana na mikono yake, hilo lipo. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila mzazi siyo la madoa. Nauliza, analala? Akianza kulala, tumeanza kushinda, hata kama madoa bado yapo.

Sasa ugonjwa wenyewe ni kitu gani? Nilimpokea binti mmoja wa darasa la nne aliyekuwa amehamishiwa dawati la nyuma, peke yake. Wenzake walikataa kushika kalamu aliyoishika. Viwiko vyake kwa ndani na nyuma ya magoti ngozi ilikuwa nyeusi, nene, imechanika. Nyumbani bibi yake alisema ni damu chafu, akamnywesha dawa za kuisafisha. Jirani alisema amerogwa. Shangazi alisema haoshwi vizuri, akaanza kumsugua kwa dodoki na sabuni yenye dawa asubuhi na jioni. Wote watatu walimpenda mtoto yule, nataka hilo lieleweke. Na wote watatu hawakujua wanapigana na nini.

Sikilizeni. Ngozi ya juu ni ukuta. Chembe zake zimepangwa tofali juu ya tofali, na katikati kuna mafuta ya asili yanayoziba. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, ukuta una nyufa. Maji ya mwilini yanatoka, ngozi inakauka. Vumbi, manukato, sabuni na vijidudu vinaingia, kinga ya mwili inashtuka, ngozi inawaka kwa ndani, inawasha. Mtoto anakuna. Akikuna anabomoa ukuta zaidi, na vitu vingi zaidi vinaingia, na mwasho unazidi. Anakuna kwa sababu inawasha, na inawasha kwa sababu amekuna. Kumgombeza "acha kujikuna" ni kumwomba asichokiweza. Tena usiku ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mwili ukipata joto chini ya blanketi ngozi inapoteza maji mengi, na ile homoni ya mwili inayotuliza uvimbe huwa chini saa hizo.

Mwaka 2006 wanasayansi wa Dundee, Uskochi, waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wana kasoro ya kuzaliwa katika protini moja inayosaidia kujenga ukuta huo, inaitwa filagrini. Kwa Waafrika kasoro hiyo ni nadra, kwa hiyo kuna njia nyingine za kurithi ambazo bado zinatafutwa. Lakini kurithi kupo. Ndiyo maana ndani ya familia moja utakuta huyu ana pumu ya kifua, yule anapiga chafya kila vumbi likipita, na huyu mdogo ana ngozi. Ni ukoo mmoja wa magonjwa.

Kwa hiyo, je, unaambukiza? Hauambukizi. Walimu, naomba mrudie na mimi. Hauambukizi. Watoto pale mbele, na ninyi mseme. Hauambukizi! Kalamu hauambukizi, dawati hauambukizi, kulala kitanda kimoja hauambukizi. Mwalimu wa binti yule alimrudisha dawati la mbele, akakaa naye yeye mwenyewe kipindi kizima cha kusoma, darasa likiona. Sina dawa inayofanya kazi hiyo.

Niseme neno kuhusu rangi yetu, maana limewapoteza wengi, hata watabibu. Vitabu vingi vinasema ngozi yenye ugonjwa huu inakuwa nyekundu. Kwenu mmeona wekundu? Kwenye ngozi nyeusi, mahali palipowaka panakuwa peusi zaidi, au pa kijivu, au pana vipele vidogo vidogo vigumu kuzunguka vinyweleo. Usitafute wekundu. Pitisha kiganja. Palipo na joto, palipokwaruza, palipo panene, hapo ndipo penye moto. Na ukipona, panabaki doa kwa miezi. Doa ni kovu la rangi, linafifia lenyewe taratibu. Msilikimbizie krimu ya kung'arisha.

Sasa tuje kwenye matibabu. Nitaanza na yale ambayo hayahitaji hata cheti cha daktari.

Maji. Mtoto aoge mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu, dakika tano mpaka kumi, basi. Najua sasa ni baridi na maji ya moto ni matamu. Maji ya moto yanayeyusha yale mafuta ya kwenye ukuta. Sabuni iwe isiyo na harufu, na ipite kwapani, sehemu za siri na miguuni tu, siyo mwili mzima. Sabuni zile za kuua vijidudu, zile za mche za kufulia, ziacheni kwenye nguo. Dodoki likae mbali kabisa. Mkaushe kwa kumgusa na taulo bila kusugua, na kabla dakika tatu hazijapita, ngozi ikiwa bado ina unyevu, mpake mafuta.

Mafuta gani? Kuna mama mmoja, mama lishe, alinijia analia kwa sababu aliandikiwa losheni ya bei ambayo mtaji wake wa wiki hauifikii. Akanionyesha risiti. Nikamwambia anunue mafuta ya mgando, yale meupe ya kawaida, yasiyo na harufu wala rangi. Akanitazama kama namdharau. Jamani, mafuta ya mgando ni miongoni mwa vizibo bora vya ngozi tulivyonavyo duniani, na kila duka la mtaa linayo. Siri ipo kwenye wingi na kwenye kurudia. Mtoto ambaye mwili mzima umekauka anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki moja. Kopo likikaa miezi mitatu, mtoto hajapakwa, amepunguziwa weupe wa vumbi tu. Yule mama akawa na kopo moja kitandani, moja jikoni, na dogo kwenye begi la shule, na mwalimu akakubali mtoto ajipake saa nne. Asubuhi, saa nne, baada ya kuoga, kabla ya kulala. Kwa wiki kadhaa hizo za kwanza hatukuongeza dawa nyingine, kwa sababu ngozi yake haikuwa imewaka sana, na mtoto alianza kulala.

Mtaniuliza mafuta mengine. Mafuta safi ya nazi, yasiyochanganywa na manukato, yanawasaidia baadhi. Mafuta ya zeituni najua mnayaheshimu sana, lakini yakipakwa kwenye ngozi kila siku yanaidhoofisha, kwa hiyo yabaki kwenye chakula na kwenye ibada. Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, aloe vera inayokatwa uani, vinakausha au vinachoma ngozi iliyochanika. Mtoto akilia ukimpaka, msikilize.

Na sweta za shule! Mwalimu mkuu, hili ni lako. Sufu inachoma ngozi hizi. Naomba mtoto aruhusiwe kuvaa fulana ya pamba ya mikono mirefu ndani ya sweta, hata kama haimo kwenye orodha ya sare. Naona umetikisa kichwa kukubali, na wazazi wameshuhudia. Ahsante sana.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja hapa leo, nalo ni krimu za steroidi, zile dawa za kupaka zinazotuliza ngozi iliyowaka. Kaeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watoto wetu wanaumizwa kutoka pande mbili.

Upande wa kwanza. Msichana wa kidato cha pili aliletwa na mama yake akiwa amefunika uso kwa kanga. Alianza na doa dogo shavuni. Duka la dawa likampa tyubu ya krimu ya mchanganyiko, ndani yake kuna steroidi kali, kuna dawa ya fangasi na kuna dawa ya bakteria, ili iguse kila kitu. Doa likaondoka siku mbili. Tena uso ukawa mweupe, marafiki wakamsifu. Akaendelea. Miezi ikapita. Alipoacha, uso ukawaka, ukavimba, ukatoka vipele, akarudi kupaka ili utulie. Nilipomwona, ngozi ya mashavu ilikuwa nyembamba mpaka mishipa ya damu inaonekana. Na lile doa la kwanza kabisa? Kwa maelezo yao lilikuwa duara lenye kingo zilizoinuka. Lilikuwa shilingi, yaani fangasi. Steroidi ikipakwa juu ya fangasi inazima mwasho, huku fangasi akitembea kwa raha.

Ni steroidi hizo hizo zinazoingizwa kwenye mkorogo. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, zebaki na haidrokwinoni, lakini vinaingia, vinauzwa, na vinapakwa hata watoto wachanga "ili watakate." Akina mama, nawaomba kwa moyo wangu wote. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, inanyonya. Msimpake.

Sasa upande wa pili, nao unanihuzunisha vilevile. Baba mmoja, mtu makini, msomaji, alisikia habari hizo za steroidi akaapa hazitaingia nyumbani kwake. Mtoto wake wa miaka sita alikuwa amewaka mwili mzima. Usaha kwenye viwiko. Hajalala, anasinzia darasani, amebakia nyuma ya wenzake kwa urefu. Baba alikuwa na tyubu niliyomwandikia mwezi mzima kabla, imejaa. Alikuwa anampaka kitone, siku akiona amezidiwa mno, halafu anaacha. Moto hauzimwi hivyo.

Mwaka 1952 daktari wa ngozi wa Marekani, Marion Sulzberger, na mwenzake Victor Witten waliripoti kwamba haidrokotizoni ya kupaka, ambayo ni steroidi, inatuliza ugonjwa huu. Kabla ya hapo watoto walikuwa wanapakwa lami ya makaa na kufungwa bendeji. Miaka zaidi ya 70 tumeitumia dawa hii na tunajua inapodhuru na inaposaidia. Inadhuru ikiwa kali mno kwa mahali palipopakwa, ikikaa muda mrefu mno, au ikipakwa kwenye ugonjwa usio wake. Inasaidia ikiwa ya nguvu sahihi, kwa kiasi sahihi, kwa siku zilizopangwa.

Nyosheni kidole cha shahada. Mzee pale nyuma, na wewe. Ukikamua krimu kutoka ncha ya kidole mpaka kwenye kikunjo cha kwanza, hiyo ni karibu nusu gramu. Inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole vyake. Hicho ndicho kipimo, na mpake mtoto kwa kipimo hicho bila woga. Usoni na kwenye mikunjo tunatumia ile laini, haidrokotizoni ya asilimia 1. Mwilini, penye ngozi nene, tunaweza kuandika kali zaidi, kama betamethazoni, mara moja au mbili kwa siku, mpaka palipowaka palainike, kwa kawaida wiki moja mpaka mbili. Halafu unasimamisha, mafuta yanaendelea. Kama ni mahali panaporudi kila mara, tabibu anaweza kukupangia siku mbili tu kwa wiki za kupaka hapo hata pakiwa pazima. Kati ya krimu na mafuta ya mgando pitisha kama nusu saa.

Baba yule alikubali tumpake mtoto pamoja, palepale, kwa kidole chake mwenyewe. Tukatibu na usaha. Aliporudi hakuzungumzia madoa. Alisema, "Jana nimeamka usiku kwenda kumwangalia, nikaogopa, nikadhani amezimia. Kumbe amelala."

Sindano sasa. Ile wanayoiita sindano ya aleji, mara nyingi ni steroidi. Inatuliza siku chache, watu wanashangilia, kisha ugonjwa unarudi na hasira. Ikataeni kuwa tiba ya kila mwezi. Vidonge vya piriton vinamletea mtoto usingizi kidogo, lakini mwasho huu haviutibu, na kesho darasani atasinzia. Zipo dawa mpya. Takrolimasi ya kupaka, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, inafaa usoni kwa sababu haipunguzi unene wa ngozi, na hospitali kubwa zinaweza kuwa nayo. Sindano iitwayo dupilumabu ilifuata mwaka 2017, ni nzuri, na bei yake kwa familia nyingi zilizokaa hapa ni ndoto. Msiuze shamba.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi lakini mkali. Nimepokea mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyenyimwa maziwa, mayai, samaki, karanga na maharage, kila kimoja kwa ushauri wa mtu tofauti. Ngozi ilikuwa vilevile, na sasa miguu imevimba kwa kukosa lishe. Kwa watoto walio wengi chakula siyo chanzo. Kama mtoto akila kitu fulani ndani ya saa mbili anavimba midomo, anatapika au anatoka mabaka, hicho kisimamishwe na aletwe. Vinginevyo mpe mtoto yai lake.

Sasa, je, kila mwasho ni pumu ya ngozi? Hapana, na hili linanipotezea wagonjwa wengi. Kama nyumbani mnajikuna wawili, watatu, wanne, na ulianza karibu pamoja, na vipele viko katikati ya vidole, kwenye kifundo cha mkono, kiunoni, sehemu za siri, huo ni upele. Mdudu mdogo anachimba chini ya ngozi. Shirika la Afya Duniani liliuweka upele kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na kweli tumeusahau, kwa sababu tunaona haya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kijana mmoja wa bweni alitibiwa peke yake, akapona, akarudi bwenini, akaupata tena, akatibiwa, akaupata tena. Tatizo halikuwa dawa. Upele unatibiwa nyumba nzima, siku moja, wanaojikuna na wasiojikuna, kuanzia shingoni mpaka nyayo, na dawa irudiwe kama mlivyoelekezwa. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto, au zifungwe kwenye mfuko siku kadhaa, maana mdudu huyo nje ya mwili hakai zaidi ya siku mbili tatu. Mwasho unaweza kubaki wiki mbili mpaka nne baada ya wadudu kufa. Msipake tena na tena kwa hofu.

Na mtu mzima anayewashwa mwili mzima bila kipele chochote cha kuonekana apimwe damu, figo na ini. Mwasho mwingine hauanzii kwenye ngozi.

Kwa usiku wa leo, kabla hamjafika kliniki, kateni kucha ziwe fupi kabisa. Mtoto mchanga avalishwe soksi mikononi. Akianza kukuna, weka kitambaa chenye maji ya baridi mahali hapo, kisha mafuta. Au mwelekeze apigepige kwa kiganja badala ya kucha. Kwa aliyezidiwa, mpake mafuta mengi, mvalishe fulana ya pamba iliyolowekwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, juu yake fulana kavu, chumba kisiwe na baridi. Usifanye hivyo kama kuna usaha.

Yapo mambo mawili ya kuja siku hiyohiyo bila kusubiri Jumatatu. Ngozi ikitoa usaha au magamba ya njano yenye unyevu, hiyo ni bakteria. Na yakitokea ghafla malengelenge madogo yanayouma, yanaacha vidonda vya duara vinavyofanana, mtoto ana homa na hataki kula, hiyo inaweza kuwa virusi vya malengelenge ya midomo vimeingia kwenye ngozi iliyo wazi, na ni hatari. Kwa sababu hiyo, mwenye kidonda cha mdomo asimbusu mtoto huyu, hata kama ni mjukuu wake aliyemkumbuka mwaka mzima.

Nimewaomba mje na tyubu na makopo yote mnayotumia nyumbani, na naona mifuko imejaa. Nitakaa pale chini ya mti, karibu na bomba. Tutasoma kila tyubu pamoja, ya kubaki ibaki, ya kutupwa tuitupe. Wenye watoto wachanga watangulie.